Abiria wa Kila Siku Ananunua Uhakika: Hotuba Kuhusu Treni ya Mjini na Jiji la Mwanza

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani mliofika, wazee wangu, mama zangu mnaofanya biashara Mwaloni na Soko Kuu, vijana wa vyuo na wa bodaboda, mabibi na mabwana, mwangaluka. Naomba mniruhusu niseme kwamba itifaki imezingatiwa, kwa sababu nikianza kumtaja kila mmoja kwa cheo chake muda niliopewa utakwisha kabla sijagusa habari yenyewe.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya abiria anayetumia treni ya mjini kila siku, kisha niseme kama maisha hayo yanawezekana hapa kwetu. Mimi si mhandisi na sijawahi kuajiriwa na shirika lolote la reli. Nimekuwa abiria tu. Nilipokuwa nikifanya kazi Dar es Salaam nilikaa Gongo la Mboto, nikawa nakwenda mjini kwa treni ya Pugu, na baadaye shughuli zilinifikisha Nairobi, ambako nilizoea kupanda treni ya Syokimau. Wahandisi watawaeleza uzito wa reli na nguvu ya injini. Mimi nitawaeleza anachofikiri mtu anayesimama kituoni saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mkoba begani, akitazama upande ambao treni itatokea.

Anafikiria saa. Abiria wa safari ndefu, anayetoka hapa kwenda Dar es Salaam, akicheleweshwa saa nzima atanung'unika na kusamehe, kwa kuwa safari hiyo anaifanya mara chache kwa mwaka. Abiria wa kila siku akicheleweshwa dakika ishirini amekatwa mshahara, au amefungiwa geti la shule, au amefika sokoni akakuta wateja wake wameshanunua kwa jirani. Mtu huyu halipi nauli ili aende mbio. Analipa ili ajue, tangu anapofunga mlango wa nyumba yake, kwamba atafika saa fulani. Mpe mwendo kasi usio na uhakika, naye atarudi kwenye daladala kabla mwezi haujaisha. Mpe uhakika, hata kwa treni ya taratibu yenye viti vikuukuu, naye atahama nyumba ili awe karibu na kituo.

Nalisema hili kwanza kwa sababu siku hizi tukitaja treni Mwanza, mawazo ya wengi yanakwenda moja kwa moja kwenye reli ya kisasa, na haki ni yetu kufurahi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, ambacho urefu wake ni kilomita 341 ukijumlisha njia kuu na njia za kupishania, na tangu 2024 tumeona jinsi treni za umeme zilivyobadilisha safari ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Mwendo wa kilomita 160 kwa saa si jambo la kubeza. Hata hivyo treni ile imejengwa kuunganisha mji na mji. Mama wa Mkuyuni anayepeleka nyanya mjini alfajiri ya Jumatatu, na anayetaka kuwa amerudi nyumbani kabla ya jua kuzama, treni ile itampita kwa heshima zote bila kumchukua. Anachohitaji yeye ni chombo kingine, chenye vituo vilivyokaribiana, chenye milango mipana, na kinachorudi tena na tena siku hiyohiyo. Nchi zilizofanikiwa zina vyote viwili, na hazivichanganyi.

Chombo cha aina hiyo nchini mwetu hakikuanza na fahari yoyote. Mwishoni mwa Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza kuendesha treni za abiria wa mjini katika reli mbili zilizokuwepo siku nyingi: reli ya kati, kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na reli ya TAZARA, upande wa Mwakanga. Mabehewa yalikuwa ya zamani yaliyofanyiwa matengenezo. Wananchi, kama kawaida yao, hawakungoja jina rasmi. Waliiita treni ya Mwakyembe, kwa Dakta Harrison Mwakyembe aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo, na jina likakaa. Mwaka 2016 ikaongezwa ya kwenda Pugu, ambayo ndiyo iliyonilea mimi. Na wiki chache tu baada ya treni hizo za kwanza, Novemba 2012, wenzetu wa Kenya walifungua kituo kipya cha Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, chenye eneo la kuegesha magari ili mwenye gari aliache pale na amalizie safari kwa treni. Dar es Salaam ilianza na mtu asiye na gari kwa kutumia kilichopo, Nairobi ikaanza na kituo kipya na mwenye gari akiwa miongoni mwa walengwa. Nimeonja kote kuwili na siwezi kusema nani alikosea, lakini nitasema wazi kwamba mji wenye fedha chache na watembea kwa miguu wengi, kama huu wetu, una mengi zaidi ya kujifunza kutoka Pugu.

Sasa niwaingize ndani ya behewa. Daladala huondoka inapojaa, treni huondoka saa yake inapofika, na tofauti hiyo moja hubadilisha tabia za watu kwa namna ambayo sikuitarajia. Katika daladala kila siku unakaa na watu wapya. Katika treni ya asubuhi, kwa kuwa wote mnafuata saa ileile na kila mmoja amekwisha kujua ni behewa gani linalosimama karibu na njia yake ya kutokea, mnajikuta mko watu walewale, mlango uleule, mwezi hadi mwezi. Fundi cherehani anapindia gauni la mteja. Mwanafunzi wa chuo anarudia notisi zake kwa sauti ya chini. Wazee wa Simba na wazee wa Yanga wana upande wao, na siku ya Jumatatu baada ya mechi hakuna anayethubutu kuwaamua. Nimeona watu wakichanga rambirambi ndani ya behewa kwa sababu mwenzao wa kila siku hakuonekana na habari zimefika kwamba kafiwa. Asubuhi sauti ni ndogo, kila mtu ana mawazo ya kazini. Jioni behewa lilelile huwa na kelele za soko, vicheko, na watoto waliolala mapajani mwa watu wasiowajua.

Ziko sheria ambazo hazikuandikwa popote. Anayeshuka karibu haingii katikati. Mzigo unakwenda chini ya kiti au juu ya kichwa cha mwenye mzigo, hauwekwi njiani. Mwanafunzi anampisha mzee bila kuambiwa, na asipompisha ataambiwa na behewa zima. Mgeni wa treni hutambulika papo hapo, kwa kuwa yeye hukimbilia kiti na kusahau mlango, kumbe mwenyeji huhesabu kwanza atatokea wapi.

Lakini nisiwapambie. Treni ya mjini saa za msongamano hujaa, na kujaa kwake kuna mahali ambapo kunaacha kuwa usumbufu na kuwa hatari. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa jambo hilo na mtu wa mbali. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikija hapa Mwanza ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake, na Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikazama karibu na Ukara ikiwa imejaa vivyo hivyo. Treni haizami, ndiyo, lakini mtu anayening'inia mlangoni huku mguu mmoja uko hewani anaitegemea bahati ileile waliyoitegemea ndugu zetu. Kwa hiyo kama siku moja tutakuwa na treni yetu, jambo la kwanza ambalo mimi kama abiria nitalidai ni milango ifungwe kabla treni haijaondoka, na mhudumu awe na mamlaka ya kusema behewa limetosha, tena awe na jibu kwa aliyebaki kituoni: nyingine inakuja saa ngapi. Bila jibu hilo la pili, agizo la kwanza halitatekelezeka, kwa sababu hakuna binadamu atakayekubali kubaki nje akijua hiyo ndiyo ya mwisho.

Na kwa habari ya wanawake, naomba akina baba mnivumilie. Msongamano haumwumizi kila mtu sawasawa. Cairo, ambako treni ya chini ya ardhi ya kwanza katika Afrika ilifunguliwa mwaka 1987, wametenga mabehewa ya katikati kwa ajili ya wanawake, na Mumbai nchini India wana mabehewa yao katika treni za mjini. Wapo wanaosema kutenga ni kukubali kushindwa kuwafundisha wanaume adabu. Hoja hiyo naielewa. Ila dada anayepanda treni kesho asubuhi hawezi kusubiri adabu ifundishwe kwanza, na kwa hiyo mimi naunga mkono mabehewa hayo, angalau saa za msongamano.

Niende sasa kwenye jambo ambalo abiria hulihisi mwilini bila kujua chanzo chake. Tuchukue mfano wa njia ya kilomita 20 yenye vituo saba vya katikati. Treni ikienda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa inapokuwa mwendoni, itatumia dakika 30 bila kuhesabu vituo. Ikisimama dakika moja kila kituo, safari ni dakika 37. Ikisimama dakika nne kila kituo, safari ni dakika 58. Sasa kama kiongozi akisimama jukwaani na kuahidi kwamba atanunua kichwa cha treni chenye nguvu zaidi kitakachokwenda kilomita 60 kwa saa, atatuokolea dakika kumi. Fundi atakayepanua milango na kujenga jukwaa la abiria lililo sawa na sakafu ya behewa, ili dakika nne ziwe moja, atatuokolea dakika 21, na hakuna atakayempigia makofi. Dakika hizo nne hupotelea wapi? Hupotea pale ambapo behewa la safari ndefu, lenye mlango mmoja mwembamba kila mwisho na ngazi za kupanda kama za kwenda darini, linatumiwa kushusha mama mjamzito, mzee mwenye mkongojo na mwenye tenga la mbogamboga, wakati walio chini wanasukuma kupanda. Mabehewa ya safari ndefu yalitengenezwa kwa watu wanaopanda mara moja na kulala humo. Ukiyatumia mjini yatafanya kazi, lakini yatakula muda katika kila kituo, na muda ndio kitu ambacho abiria huyu alikilipia.

Chanzo cha pili cha ucheleweshaji kinaudhi zaidi, kwa sababu hakionekani. Katika mtandao mmoja wa reli niliowahi kuutumia, na nitauacha bila kuutaja, treni ilikuwa ikisimama vichakani, injini inanguruma vizuri tu, robo saa inapita, nusu saa inapita, na hakuna mtu wa kutuambia neno. Watu waliteremka wakaanza kutembea juu ya mataruma. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba reli ilikuwa ya njia moja, na treni yetu ilikuwa ikisubiri treni ya mizigo kutoka upande wa pili ipite. Hesabu ya njia moja haina huruma. Kama treni inatumia dakika 15 kutoka kituo kimoja cha kupishana hadi kingine, basi baada ya yetu kupita lazima tungoje ya upande wa pili ije kwa dakika 15 nyingine, kwa hiyo treni mbili za upande mmoja, ikiwa kila moja inapishana na ya kurudi, haziwezi kufuatana kwa chini ya dakika 30, hata kama zingekuwa mpya za kung'aa. Na ikitokea moja imechelewa, kuchelewa kwake kunaambukiza ya upande wa pili, na ile ya upande wa pili inaambukiza inayofuata, mpaka jioni nzima imeharibika kwa kosa la asubuhi. Tiba yake ni kujenga njia za kupishania zilizokaribiana, au njia ya pili. Hakuna ujanja wa ofisini utakaochukua nafasi ya chuma hicho.

Ila kutuambia kulikuwa hakuhitaji chuma chochote. Abiria aliyeambiwa kwamba atasubiri dakika 25 hupiga simu kazini, humpigia mwenye zamu ampokee, hununua chai, na hasira yake hupungua nusu. Aliyenyamaziwa hukasirikia hata dakika tano.

Nikiyaweka hayo juu ya ramani ya Mwanza, naona mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba mji huu umeumbwa kama unaiomba treni. Miamba na vilima upande mmoja, ziwa upande mwingine, na watu zaidi ya milioni moja wa Nyamagana na Ilemela kwa sensa ya 2022 wanaingia na kutoka mjini kwa barabara kuu tatu: ya Kenyatta kwenda Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa, ya Nyerere kwenda Mabatini, Nyakato na Igoma, na ya Makongoro kwenda Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Lori moja likiharibika katika mojawapo ya njia hizo, upande mzima wa jiji unachelewa. Watu waliobanwa katika njia chache nyembamba, wote wakielekea mahali pamoja saa ileile, ndio hasa ambao treni ilibuniwa kwa ajili yao.

La pili ni kwamba reli tuliyo nayo haikuwekwa kwa ajili yetu. Kabla ya reli hiyo, mizigo ya hapa ilivuka ziwa hadi Kisumu, ambako reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901. Reli kutoka Tabora iliifikia Mwanza mwaka 1928, na ilifuata pamba na bandari. Mpaka leo katika bandari ya Mwanza Kusini mabehewa ya mizigo yanaweza kuingizwa mazima ndani ya meli, na MV Umoja imefanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo stesheni zake ziliwekwa pale mzigo ulipohitaji kupakiwa, au pale treni zilipohitaji kupishana, na mji ukaja kukua baadaye bila kuziuliza. Reli hiyo inatoka mjini kupitia Mwanza Kusini na Mkuyuni kisha inakwenda Fela, wilayani Misungwi. Haigusi Igoma. Haigusi Pasiansi. Mtu akiwaahidi kwamba treni ya mjini itawafuta foleni wakazi wote wa Mwanza kwa kutumia reli iliyopo, mwulizeni atapita wapi kwenda Kisesa, mbele ya Igoma.

Pamoja na hayo, upande wa kusini peke yake ni mkubwa wa kutosha kuanzia. Kampala walifanya hivyohivyo Desemba 2015: walichukua reli ya zamani, wakaweka treni ya abiria asubuhi na jioni kati ya stesheni ya mjini na Namanve, upande mmoja tu wa jiji. Iliwahi kusimama, ikarejeshwa, na katika kusimama huko liko somo ambalo kila mwendeshaji anapaswa kulijua: treni ikikatizwa, abiria hupata njia nyingine ndani ya wiki moja, lakini kuwarudisha ni kazi ya mwaka. Ni afadhali kuahidi treni mbili asubuhi na mbili jioni na kuzitimiza mvua inyeshe au jua liwake, kuliko kutangaza kumi na kuendesha saba ambazo hakuna anayejua ni zipi. Na reli ya kisasa itakapochukua abiria na sehemu ya mizigo ya safari ndefu, reli ya zamani itapata nafasi ambayo leo haina. Nafasi hiyo itagombaniwa. Ningependa jina la abiria wa Mkuyuni liwe limeshaandikwa kwenye orodha kabla ya kugawana kuanza.

Naomba nikae kidogo kwenye safari inayobaki mtu akishashuka, kwa kuwa ndipo miradi mingi hufia. Mtu hasafiri kutoka kituo hadi kituo. Anasafiri kutoka kitandani hadi kazini. Akishuka treni akakuta tope, giza, mfereji wa kuruka, na mwendo wa dakika 20 kupanda kilima, ule muda aliookoa relini ameurudisha, pamoja na viatu. Dar es Salaam vituo vingine vya treni ya mjini vilikuwa sehemu tu kando ya reli, hakuna paa, hakuna benchi, na mvua ya masika ilitufundisha kujibanza kwenye vibaraza vya maduka mpaka honi isikike. Kinachohitajika hakina gharama ya kutisha: njia ya miguu iliyowekwa zege, taa, paa, choo, na mahali palipopangwa pa bodaboda na bajaji. Vijana wa bodaboda mliopo hapa mnaweza kudhani treni inakuja kuwanyang'anya mkate. Kwa nilivyoona, anayepoteza ni yule aliyezoea kumchukua abiria mmoja kutoka Buhongwa hadi mjini, lakini anayesubiri kituoni hupata abiria wengi wa safari fupi kwa wakati mmoja, na wakati huo anaujua mapema.

Hapohapo kando ya reli wapo watu. Kuna njia za mkato ambazo watoto wa shule wanazipita kila siku, kuna meza za biashara zilizosogea hadi karibu na kokoto, kuna nguo zinazoanikwa. Reli ya mizigo inayopita mara chache kwa siku inavumilia mazoea hayo, ingawa hata sasa yana hatari. Treni inayopita kila nusu saa haitayavumilia. Kabla ya treni ya kwanza kuanza, lazima viwepo vivuko vya miguu vilivyo pale watu wanapovuka kweli, wala si pale mchoro unapopenda wavuke, na wafanyabiashara wapewe mahali ndani ya eneo la kituo badala ya kufukuzwa tu. Treni inaleta wateja, na itakuwa ajabu kumfukuza muuza ndizi siku ileile wanunuzi wake wanapoongezeka mara kumi.

Na samaki. Najua mama zangu wa Mwaloni mmeningoja hapo. Treni ya abiria iliyofungwa vioo, saa kumi na moja jioni, na ndoo tatu za sato na gunia la dagaa katikati ya watu waliotoka ofisini: mwendeshaji atasema marufuku, na siku ya pili mtapita dirishani. Nadhani marufuku ya jumla ni uvivu wa kufikiri katika mji ambao samaki ni mshahara wa maelfu ya nyumba. Behewa moja la mwisho, lenye sakafu inayooshwa kwa maji, bila viti vingi, lenye nauli ya mtu na nauli ya mzigo iliyobandikwa ukutani ili kusiwe na kupatana na konda, lingemaliza ugomvi huo. Nakiri kwamba reli haifiki Mwaloni kwenyewe, na hapo tutarudi kwenye bajaji.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Katika miji mingi duniani nauli peke yake haitoshi kuendesha treni ya mjini, na pengo hujazwa na serikali au halmashauri kwa sababu barabara nazo hazijilipii. Tukikubali hilo mapema hatutashangaa baadaye. Tukilikataa, nauli itapandishwa mpaka mwenye kuihitaji treni aishindwe, na mwenye kuimudu ana gari lake.

Waheshimiwa madiwani, ninachowaomba hakihitaji kusubiri bajeti ya Dodoma. Tumeni watu wahesabu, kwa wiki moja ya kawaida, wanaoingia mjini kutoka upande wa Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa kati ya saa kumi na moja na saa tatu asubuhi, na wawaulize wanakokwenda, maana daladala hazitoi takwimu hizo. Zuieni ujenzi mpya katika viwanja vinavyozunguka stesheni za zamani na katika vipenyo vinavyotoka hapo kwenda barabarani, kwa sababu kipenyo kikishajengwa nyumba ya ghorofa tutakuja kukinunua kwa bei ambayo hatutaiweza. Na mtakapokutana na wenye reli, msiwaulize treni itakwenda kasi kiasi gani. Waulizeni ya kwanza itaondoka saa ngapi, ya mwisho itarudi saa ngapi, na ikichelewa nani atatuambia.

Ndugu mwenyekiti, naishia hapo. Naona mikono imeshanyooshwa upande wa kushoto, na kwa kuwa wengi wao ni wa Igoma, nadhani swali lao nalijua.